Mnyapara wa Mkononi

Habari za kifo cha mjomba Yohana zilimkuta Theodory juu ya trekta, anavuta tela la mkonge kwenda korona, kwenye mtambo wa kukamua majani. Alizima injini, akashuka, akachuchumaa kwenye kivuli cha tela akalia. Alilia kweli, maana mjomba ndiye aliyemlipia ada ya shule, na ndiye aliyekwenda kumposea Costancia. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaiona saa iliyofungwa mkononi. Akaanza kulia upya, na safari hii hakuwa anamlilia mjomba.

Saa yenyewe haikuwa ya kutazamia wakati. Ni mkanda mweusi wa mpira, una kitaa kidogo upande wa chini kinachomulika ngozi. Kampuni iliigawa kwa madereva wote baada ya mmoja wao kusinzia kwenye zamu ndefu, akambana kibarua mguu na ukuta wa korona. Watu walidhani baada ya ajali ile zamu zitafupishwa, au kila trekta litapata dereva wa pili. Wapi! Walikuja vijana na kompyuta zao, wakahutubia kwenye kivuli cha stoo kuhusu uchovu na hatari zake, wakamfunga kila dereva mkanda. Zamu zikabaki vilevile. Kilichobadilika ni kwamba sasa uchovu ulikuwa kosa la dereva.

Ukilala nao, mkanda unahesabu usingizi wako na mapigo ya moyo wako. Asubuhi unaugusisha kwenye kisanduku getini. Ukiwaka kijani, panda trekta. Ukiwaka njano, unaandikwa. Ukiwaka nyekundu, unakaa kwenye benchi mbele ya ofisi mpaka jioni, siku yako hailipwi, na kila anayepita anakuona. Nyekundu ikijirudia mara tatu mfululizo, unapelekwa kwa daktari wa kampuni Mikumi, akaseme kama wewe ni dereva au si dereva. Vijana wale waliuita saa ya afya. Madereva waliuita mnyapara, ingawa manyapara wa zamani walau usiku walikwenda kulala kwao.

Theodory alikuwa na mkataba wa muda. Mwisho wa msimu kampuni ingetaja watakaoajiriwa moja kwa moja, na mwajiriwa wa moja kwa moja hupata kadi ya bima ya familia nzima. Jina lake lilikwishanong'onwa ofisini. Hakuwahi kuwaka nyekundu hata siku moja. Na sasa mjomba amekufa.

Kwa watu wa milimani kule mjomba si ndugu wa kupita. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wa ukoo huo ndiye mjomba. Akifa, wapwa zake wa kiume hulala nje nyumbani kwake, kwenye mikeka, kando ya moto, mpaka tanga lianuliwe. Hawalali hasa, wanakesha na kupokea wageni. Mpwa atakayejifunika shuka kitandani kwake siku hizo amejitoa mwenyewe kwenye ukoo, na wa kwanza kumtangaza angekuwa Magreti, mama yake mzazi, dada wa marehemu.

*

Costancia alikuwa uani anachambua maharage, Happyness yuko mgongoni, mumewe alipoingia na kumweleza. Alisema pole, akalia kidogo, akauliza maziko ni lini. Theodory alijibu, kisha akafungua mkanda mkononi akaushika kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

"Mama Brayan, hii utavaa wewe."

Costancia hakuelewa mara moja. Theodory akamfafanulia kwa upole, kwa sababu alikuwa anaomba. Akina mama wenye watoto wachanga hurudi makwao jioni, hawalali msibani. Basi yeye atakuja magharibi kumfunga, alfajiri atakuja kuufungua aende nao kazini. Mnyapara ataona mtu amelala nyumbani kwake kwa utulivu, basi.

"Si itajua kuwa siyo mkono wako?"

"Itajulia wapi? Amon alimvalisha mke wake alipokwenda ngomani Magole. Ikatoa kijani kibichi." Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Aliyekamatwa ni yule aliyemfunga mbuzi."

Costancia naye alicheka, kisha akakohoa, akasubiri pumzi irudi. Tangu amzae Happyness pumzi yake ilikuwa hivyo. Miguu ilikuwa inavimba jioni, na akilala chali alijisikia kama mtu anayezama, kwa hiyo alikuwa analala ameketi, mgongo ameuegemeza kwenye gunia la mpunga. Alikwishamwambia mumewe. Mumewe alimwambia mama yake, na mama yake akasema ni mwili wa uzazi, utarudi wenyewe. Tangu hapo hapakuwa na wa kumwambia tena. Zahanati walimpa vidonge vya damu wakamwambia apumzike.

"Mimi usingizi wangu si mzuri, baba Brayan."

"Unashinda nyumbani, halafu usingizi usiwe mzuri? Kazi yako ni kulala tu. Ipo kazi nyepesi kuliko hiyo?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma Costancia, kwamba alisema jambo ambalo kweli analiamini. Lakini hakukataa. Kadi ile ya bima yeye aliitaka kuliko mumewe, kwa sababu zake ambazo hakuzitamka. Akanyoosha mkono, Theodory akamfunga, akalazimika kusogeza tundu mbili, maana mkono wa mkewe ulikuwa mwembamba kuliko alivyokumbuka.

*

Msibani wanawake wana kazi ambayo hakuna anayeihesabu. Costancia alifika na ndoo kichwani, akaikuta nyingine inamsubiri. Kisima kilikuwa bondeni, nyumba ya marehemu mlimani. Alichota, akapanda, akamimina kwenye sufuria la ugali wa wageni, akashuka tena. Katikati ya mlima alikuwa anasimama na kujifanya anamweka mtoto sawa mgongoni. Magreti, amekaa kwenye mkeka na wafiwa wenzake, alimwona anasimama, akawaambia waliokuwa karibu kwamba wake wa siku hizi wakizaa mtoto mmoja wanataka wabebwe wao. Costancia alikuwa na watoto watatu, ila hakuona mahali pa kulisema hilo.

Jioni alirudi nyumbani, akawapikia Brayan na mdogo wake, akawaogesha, akatwanga mahindi ya kesho. Happyness alikuwa na homa. Theodory akaja giza likiingia, akamfunga mkanda, akamwambia alale vizuri, akaondoka kukesha kwenye mikeka. Costancia akaegemea gunia lake.

Asubuhi kisanduku cha getini kikawaka nyekundu.

Theodory alidhani ni hitilafu, akagusisha tena. Nyekundu. Bonifas, afisa usalama wa kampuni, kijana mwenye koti la kung'aa na simu mbili, akamwonyesha benchi kwa kidole. Theodory akakaa. Madereva wenzake wakapita na matrekta yao, wengine wakimpungia mkono, wengine wakigeuza uso kwa adabu. Lazaro, ambaye naye alitajwa kwenye zile nafasi za mwisho wa msimu, alipunguza mwendo kabisa akampa pole ya msiba kwa sauti ya kusikika mpaka ofisini, akaongeza kwamba mtu akifiwa ni kawaida kushindwa kazi. Jua likapanda, likamkuta pale pale.

Siku ya pili ikawa nyekundu tena. Safari hii Bonifas alimwita ndani akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na mstari unapanda na kushuka.

"Huu ni moyo wako, braza. Cheki usiku wa manane, mtu wa kawaida moyo unatulia. Wako unakimbia. Na uko macho karibu nusu ya usiku. Unakuwa unafanya nini?"

Theodory alisema ni msiba. Bonifas akasema pole, ila sistimu haina kipengele cha msiba.

Kutoka pale hakwenda nyumbani wala kilabuni. Alikwenda moja kwa moja msibani, akamwita mkewe nyuma ya migomba. Alikuwa ameshinda juani siku mbili akitafuna mstari ule wa kwenye kompyuta, na akili ya mwanamume aliyekalishwa benchi haiendi mbali.

"Nani anakuja kwangu usiku?"

Costancia alifikiri amesikia vibaya. Akaulizwa tena. Moyo wa mtu aliyelala peke yake unakimbia usiku kucha, unakimbilia nini?

Alipoelewa, akashika mgomba. Akamwambia kwamba mtoto ana homa. Kwamba akilala anazama. Kwamba moyo unakimbia hata sasa hivi, amesimama mbele yake, na akitaka aweke mkono asikie. Theodory hakuweka mkono. Alikuwa anatazama upande wa jikoni, ambako wanawake walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja, na Magreti amesimama mlangoni.

"Mwanamke mwenye mtoto kifuani moyo wake hutulia," Magreti akasema. "Ukimwona hatulii, kuna kinachomwita."

Wanawake wakainamia masufuria yao. Hakuna aliyemtetea, na hakuna aliyemcheka, na Costancia hakujua lipi lilikuwa baya zaidi. Akachukua ndoo yake akashuka kisimani, kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha.

Usiku uliofuata Theodory alimfunga mkanda bila kumwangalia usoni. Costancia aliwalaza watoto mapema, akajilaza naye, akafumba macho kwa nguvu zote, akijitahidi kulala. Lakini nani alale huku mkononi kuna kitaa kinachomulika damu yake kitafute hawara? Kulipopambazuka alikuwa bado anajitahidi.

Nyekundu ya tatu.

*

Barua ya kampuni ilisema dereva afike Mikumi na mwenza wake, kwa sababu daktari huuliza jinsi mgonjwa anavyolala, na mtu hawezi kujishuhudia usingizini. Tanga lilikuwa limeanuliwa jana yake. Brayan na mdogo wake walibaki kwa bibi yao, na Bonifas akawachukua kwa gari la kampuni. Walipita Kilosa mjini, wakashika barabara inayopita kijiji cha Ulaya. Bonifas alikaa mbele na dereva, akizungumza njia nzima kuhusu data, jinsi zinavyookoa maisha ya watu. Nyuma Theodory alimsogelea mkewe sikioni.

"Ukiulizwa, sema nakoroma kidogo. Basi. Mengine niachie mimi."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu kule migombani. Costancia akamfunika Happyness kichwa, vumbi lilikuwa linaingia.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo anaitwa Doris, mwenye sauti ya chini na haraka ya mtu mwenye foleni mlangoni. Alimpima Theodory kila kitu. Alimlaza akambandika nyaya kifuani, akampandisha na kumshusha ngazi, akamsikiliza mgongo. Bonifas alikaa kwenye kiti cha pembeni, kwa utaratibu wa kampuni, akiperuzi simu. Costancia alikaa karibu na mlango. Mwishowe daktari aliweka karatasi mbili mezani, moja ya nyaya na moja ya mnyapara, akazitazama kwa zamu.

"Bwana Theodory, moyo wako ni mzima. Ungeweza kumkopesha mtu."

Theodory akashusha pumzi.

"Ila huyu wa kwenye ripoti ya saa moyo wake ni mgonjwa, na si ugonjwa wa mzaha. Unakwenda mbio akiwa amelala, hewa kwenye damu inashuka, anashtuka, anakaa, anajaribu tena kulala. Kila usiku, siku zote tatu. Huyu ni mtu anayehitaji kulazwa wiki hii, siyo mwezi ujao." Akavua miwani. "Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Nani alikuwa amevaa?"

Bonifas aliinua uso kutoka kwenye simu.

Costancia alimtazama mumewe. Alikuwa amesahau habari ya benchi, na migomba, na maneno ya mama mkwe. Alichosikia ni kwamba haikuwa mwili wa uzazi, haikuwa uvivu wala hawara, na kwamba mumewe naye amelisikia hilo kwa masikio yake. Alimwona anamtazama Bonifas, kisha karatasi, kisha sakafu. Mtu aliyempa mwingine saa ya kampuni anafukuzwa siku hiyo hiyo, walisainishwa hivyo wote. Costancia alilijua hilo, akangoja hata hivyo.

"Mimi," Theodory akasema. "Nilivaa mimi. Labda kifaa kina hitilafu."

Macho ya daktari yalikuwa yameshuka kwenye miguu ya Costancia, iliyofura juu ya kamba za ndala.

"Daktari," Costancia akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa utulivu. "Huyo mtu wa kwenye saa. Anaweza kubeba maji?"

"Asibebe."

"Kulima?"

"Asilime. Asitwange. Asipande mlima na mzigo."

"Akiwa na mtoto ananyonya?"

"Huanza hivyo hivyo, mama, mara nyingi. Mtu anajifungua, watu wanasema ni uchovu."

"Na akizaa tena?"

"Asizae tena. Mwambie hivyo. Akizaa tena anaweza kufa."

Theodory alikuwa anasugua mahali pa mkanda mkononi, palipobaki alama. Hakuinua kichwa. Doris akanyoosha kiganja chake juu ya meza, taratibu.

"Lete mkono wako, mama."

Chumba chote kilikuwa kinamtazama, pamoja na Bonifas, ambaye sasa simu ameiweka chini. Costancia aliuingiza mkono wake ndani ya khanga.

"Mimi siumwi, daktari. Nimemsindikiza mume wangu."

Doris akaandika kwamba dereva ni mzima na kifaa kikaguliwe, akagonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipompa Theodory karatasi alikuwa anamtazama mkewe. Akasema yeye yupo mpaka jioni.

*

Nje jua la Mikumi lilikuwa kali na malori ya Iringa yalikuwa yanapita mfululizo barabarani. Bonifas alikwenda kwenye gari kupiga simu ofisini, akatoa kichwa dirishani kusema kwamba kesho Theodory apande trekta kama kawaida, atapewa saa mpya. Theodory alimshukuru karibu kwa kupiga magoti. Kisha akamshika mkewe bega, akamvuta kando ya geti.

Alikuwa na furaha, masikini, na alikuwa na aibu, na vyote viwili vilimtoka kwa mpigo. Alisema kumbe ni moyo. Alisema asamehewe kwa yale ya migombani. Alisema hakuna mwanamke mwenye akili kama yeye, angefungua mdomo mle ndani wangekuwa wamekwisha.

"Ahsante, mama Brayan. Umetuokoa."

"Sikukuokoa," Costancia akasema. "Nilikuwa nakungoja useme."

Theodory akaanza kueleza, haraka na kwa sauti ya chini. Msimu unaisha karibuni. Miezi mitatu tu, mke wangu, labda na kidogo. Majina yakitoka anapata kadi, na kadi ikitoka siku hiyo hiyo anamleta hapa hapa, kwa daktari huyu huyu, wanamtibu kwa heshima zote. Maji atachota yeye mwenyewe usiku watu wakilala, wasimcheke. Akifukuzwa leo, atamtibu kwa kitu gani? Kwa mashina ya mkonge? Miezi mitatu si kitu, amevumilia mingapi.

Yalikuwa maneno ya kweli, karibu yote. Hilo Costancia hakulikataa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza siku alipomfunga mkanda. Kisha akafungua mbeleko, akamtoa Happyness mgongoni, akamweka mikononi mwa baba yake.

"Mshike."

"Unakwenda wapi?"

Costancia aligeuka akaingia tena getini, akaelekea kwenye ule mlango waliotokea. Alikwenda polepole, kwa sababu hakuweza kwenda upesi. Penye mfereji alisimama, akashika ukuta, akavuta pumzi, akaendelea. Hata mtoto anayetambaa angemfikia. Theodory, na moyo wake mzima uliothibitishwa kwa muhuri, angemfikia kabla hajamaliza kupumua, akamshika mkono, ama amrudishe, ama amsindikize ndani.

Alisimama pale pale na mtoto mikononi, akageuza shingo kuangalia kama Bonifas anaona.